Neno la Mjane wa Asumani

Tuseme ukweli tangu mwanzo, maana katika habari hii ukweli umecheleweshwa vya kutosha: Asumani alikuwa akipiga kengele kwa kuchelewa, na alifanya hivyo makusudi.

Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha chuma cha reli, kilichoning'inizwa kwenye mti mbele ya shule moja ya msingi pale Mikelenge, mjini Kindu. Kila asubuhi Asumani alisimama chini yake na nyundo mkononi, uso ameuelekeza kwenye njia inayotoka bandarini. Watoto wa ng'ambo, wa Alunguli, walivuka mto kwa mtumbwi, na mtumbwi hauna saa. Mtoto akichelewa alipigishwa magoti kwenye changarawe mbele ya bendera. Basi Asumani alingoja. Alimwona wa mwisho akija mbio na daftari kichwani, akamwacha apite kwenye uzio, ndipo akapiga. Mwalimu mkuu akitoka na saa yake mkononi, macho mekundu, Asumani alimjibu kwa adabu zote, "Direktere, saa yangu iko nyuma kidogo." Hakuwa na saa. Hakuwahi kuwa na saa maisha yake yote.

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa hiyo: kufagia, kuteka maji, kushika funguo, kupandisha bendera, kugongomea madawati yaliyovunjika, na kudanganya juu ya saa. Watoto walimwita Baba Kengele. Walimu nao, ambao walikuwa wakigombana kwa kila jambo chini ya jua, hawakuwahi kugombana juu yake.

Mke wake, Mwavita, alimjua kabla hajawa Baba Kengele wa mtu yeyote, alipokuwa kijana wa Kibombo anayebeba magunia ya mchele kwenye ghala la stesheni. Walioana, akapata kazi ya shule, wakapewa nyumba ya matofali ya vyumba viwili nyuma ya darasa la sita. Nyumba ilikwenda pamoja na kazi. Kila mtu alilijua hilo. Humo walizaa Riziki, kisha baada ya kuharibikiwa mimba mbili wakamzaa Sudi. Mwavita alikuwa mwanamke mpole wa maneno machache, mwenye kuamini kwamba ukisema jambo mara moja limesemwa. Aliamini pia kwamba wengine wako hivyohivyo.

Asumani alipovimba miguu na kuanza kukohoa, hakutaka shule ijue. Mwavita aliamka alfajiri akafagia madarasa sita, akateka maji, akarudi kumwinua mumewe ili akasimame tu pale kwenye chuma, aonekane. Mwishoni hata kusimama hakuweza. Miezi minne Mwavita alipiga kengele mwenyewe, naye aliipiga kama mumewe, macho kwenye njia ya bandarini. Hakuna aliyemlipa kwa hilo, na wala hakuuliza.

Asumani alikufa mwezi wa Agosti mwaka wa 1976, watoto wakiwa likizoni. Hata hivyo walikuja. Walivuka mto wakajipanga kando ya njia ya makaburini, wakubwa kwa wadogo, bila kupangwa na mwalimu.

Siku ya tatu ya matanga mwalimu mkuu alisimama kusema. Jina lake lilikuwa Mukuna, mtu wa Kasai, mnene, msafi, aliyevaa abakosti, ile suti ya serikali isiyo na tai, iliyopigwa pasi hata kwenye joto la kuua mtu. Zamani aliitwa Tharcisse, lakini tangu serikali ipige marufuku majina ya ubatizo, Tharcisse lilikuwa jina la kunong'onwa na mkewe peke yake. Alikohoa, akainua mkono, akawaita watu wananchi kama serikali ilivyotaka.

"Basitwayene, ndugu zangu. Huyu mama hatatoka mu hii nyumba. Tangu bwana yake aanguke, nani alikuwa anafagia? Nani alikuwa anapiga kengele? Njo yeye. Nasema mbele yenu wote: kazi ya Asumani njo kazi yake. Jina lake njo nitaandika."

Watu walisema amina, Waislamu kwa Wakristo. Onema, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amekuja kutoka Kibombo na maneno yake mfukoni: kwamba mjane na watoto warudi nyumbani kwa ukoo, na kwamba yeye mwenyewe, pamoja na wake zake wawili, hatashindwa kumweka wa tatu. Aliposikia ya mwalimu mkuu aliyameza. Mwavita, ndani nyuma ya pazia, alipumua kwa mara ya kwanza tangu maziko. Riziki alikuwa na miaka kumi na minne, anaanza sekondari. Kibombo kwa Onema hakukuwa na sekondari kwa msichana. Kulikuwa na shamba la mpunga na mume.

Baada ya hapo akakaa eda.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Shangazi ya Asumani, bibi mkavu aliyejua desturi zote na kuzizidisha kidogo, alimwambia asivuke kizingiti mpaka siku zitimie, asipake mafuta, asijitazame kwenye kioo, asisemezane na mwanamume asiye wa nyumbani. Mwavita hakubishana. Kukaa eda kwa ukamilifu ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kumpa Asumani, na alitaka kumpa chote.

Lakini kazi je? Shule ingefunguliwa Septemba, na vyumba havijifagii.

Hapo ndipo anapoingia Ndaya.

Ndaya alikuwa mke wa Mpoyi, karani wa reli, watu wa Kasai, Wakatoliki. Miaka tisa nyuma alijifungua mtoto wa kike akaugua homa hata maziwa yakakauka. Mwavita wakati huo alikuwa na Sudi kifuani. Alimchukua yule mtoto akamnyonyesha pamoja na wake, huyu kulia, huyu kushoto, kwa muda wa miezi mitano. Ndaya alipopona alimwita binti Mauwa, jina la mama yake Mwavita. Kwa Waislamu watoto walionyonya titi moja ni ndugu, hata kuoana hawawezi. Ndaya alilipenda hilo. Alipokuwa akimtambulisha Mwavita kwa watu alisema, "Huyu si rafiki, huyu njo mama ya mutoto wangu." Walikuwa wakisukana nywele, wakisemana, wakigombania sufuria. Mpoyi alipohamishiwa Kalemie na barua zake zikaanza kuwa fupi, Ndaya alikuja kulia jikoni kwa Mwavita na si mahali pengine.

Basi Ndaya ndiye aliyesema, wiki ile ya kwanza ya eda, ameketi kwenye mkeka:

"Mama Riziki, usisumbuke roho. Mi nitakushikiria nafasi. Nitafagia, nitapiga kengele, muntu mwingine asiingie. Siku utatoka, unanikuta pa mulango, nakupa funguo mu mukono."

"Na kazi yako ya soko?"

"Soko haina miguu, haitakimbia. We si ulininyonyeshea mutoto?"

Mwavita alimshika mkono akaubusu. Hilo alilikumbuka baadaye kuliko yote, kwamba alimbusu mkono.

Siku zikaenda. Kila asubuhi Mwavita aliisikia kengele ikilia kwa wakati wake barabara, na kisha sauti ya mtoto wa Alunguli akilia kwenye changarawe. Ilimuuma. Alimwambia Ndaya, "Uwangojee kidogo, Mama Mauwa." Ndaya akajibu kwamba mwalimu mkuu amekuwa mkali siku hizi. Kila jioni kabla ya jua kuzama alipita na chakula, sombe ya majani ya mihogo au mihogo yenyewe, na habari: nani amezaa, nani amefukuzwa kazi, bwana Mukuna ameshinda akiongoza salongo, ile kazi ya lazima ya umma, na suruali ikampasukia nyuma. Mwavita alicheka mpaka shangazi akamkaripia kwamba wajane hawacheki hivyo.

"Na ile mambo ya kazi?" aliuliza kila baada ya siku chache.

"Iko inakungojea. Direktere anakusalimia sana."

Kulikuwa na vitu vidogo. Riziki alirudi siku moja na uso umekunjamana, akasema walimu hawamsalimu kama zamani. Mwalimu wa darasa la tano alimwona njiani akasema, "Haya, watu wa kujitosheleza," akapita. Mwavita alimwambia binti yake kwamba watu wakimaliza kulia husahau, ndivyo walivyo. Mwezi wa tatu wa eda Ndaya alianza kuja kwa haraka, kuketi ukingoni mwa mkeka, kutazama pembeni. Mwavita aliona. Alidhani ni Mpoyi.

Siku ya mia na thelathini wanawake walikuja kumtoa eda. Walimwogesha uani, wakamvua kaniki za msiba, wakampaka mafuta. Ndaya alikuja na sabuni mpya ya harufu, ambayo haikuwa rahisi kupatikana Kindu mwaka ule, na yeye ndiye aliyemsugua mgongo. Alimsuka mistari sita. Mke wa Masudi, mwalimu wa msikiti, alimshika Mwavita mabega akasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Bwana yangu alikusifu pa msikiti. Anasema, watazameni huyu mama, alikataa hata kazi ili akae eda yake kamili. Mungu atakulipa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwavita aligeuka kuuliza, kazi gani aliyokataa? Lakini vigelegele vilikuwa vingi, na vidole vya Ndaya viliuvuta msuko wa mwisho kwa nguvu hata akasema "ai!" Alipoangalia nyuma, Ndaya alikwisha kuinuka kumwaga maji.

Asubuhi ya pili, siku ya Jumatano, Mwavita alivaa kitenge chake cha Idi akatoka mlangoni mwake. Kutoka kizingiti chake hadi ofisi ya mwalimu mkuu ni hatua thelathini. Alizihesabu, kwa furaha tu ya kutembea.

Ndaya hakuwa mlangoni na funguo.

Mukuna alimkaribisha kwa heshima, akamvutia kiti chini ya picha ya Rais. Waliulizana habari. Kisha Mwavita akasema amekuja kuanza kazi. Yule bwana akavua miwani.

"Mama, kazi gani tena? Mi nilituma neno kwako. Mara tatu."

"Kwa nani?"

"Kwa dada yako Ndaya. Mwezi wa tisa nilipashwa kupeleka jina. Nikasema, labda desturi inamukataza. Nikaenda mwenyewe kwa mwalimu Masudi, nikamuuliza: mujane anaweza kufanya kazi ao hapana? Akasema, kama kazi njo chakula cha watoto wake, anatoka muchana, magaribi anarudi kulala kwake, hakuna zambi. Nikafurahi. Nikamutuma Ndaya akuambie uanze mara moja."

Miezi minne na siku kumi Mwavita alikuwa ameketi kwenye mkeka, kazi iko hatua thelathini, mlango uko wazi, na hata dini haikumkataza.

"Akaleta jibu gani?"

"Siku ileile alirudi. Anasema: Mama Riziki hataki kufagia tena, ile kazi inamukumbusha marehemu. Ndugu za bwana yake watakuja kumuchukua Kibombo. Anasema umesema nafasi apewe yeye, Ndaya." Mukuna alipangusa miwani kwa ncha ya koti. "Nilituma mara ya pili. Jibu lileile. Mara ya tatu, lileile. Walimu walikasirika kidogo, nisikufiche. Wanasema tulimupendea nini."

"Direktere, mimi sikusema neno hilo. Hata moja. Wala sikuulizwa."

Mtu mwingine angepiga meza. Mukuna alitazama makaratasi yake. Alikuwa mtu wa kuogopa fujo kuliko dhambi, na fujo aliiona inaingia mlangoni.

"Sasa mama, ni neno lako na neno lake."

"Kutoka hapa mpaka kwangu ni hatua ngapi?" Mwavita akauliza. "Kwa Masudi ulifika, ni mwendo wa nusu saa. Kwangu ulishindwa?"

"Ile ni desturi yenu, mama. Mi ningeingia namna gani kwa mujane?"

"Ungesimama inje ukaniita jina. Ningesikia. Nilikuwa nasikia hata ukikohoa."

Mukuna alisema makaratasi yenye majina yamechelewa, bado yako mezani. Yataondoka na ndege ya Jumatatu kwenda Kinshasa, na yakishafika Kinshasa hata yeye hataweza kuyagusa. "Mwenye kuleta neno aje aseme hapa, kwa mudomo wake, kama alikosea. Akisema hivyo, nakata jina lake, naandika lako. Lakini siwezi kumukata muntu kwa ugomvi wa wanamuke."

Ugomvi wa wanawake! Miaka kumi na tisa ya Asumani, na miezi minne ya kufagia bure, na machozi ya watoto kando ya njia, vyote vimeingia kwenye ugomvi wa wanawake.

Alimkuta Ndaya nyuma ya darasa la pili, anasuuza ndoo. Funguo zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge chake. Mwavita hakupaza sauti. Alisema tu, "Mama Mauwa," na Ndaya akaacha ndoo ianguke.

Hakukana. Labda kama angekana ingekuwa rahisi zaidi.

"Barua ya baba Mauwa ilifika mwezi wa tisa," akasema, amekaa chini kwenye maji yaliyomwagika. "Ameoa kule Kalemie. Anasema nisimungojee. Mwenye nyumba alikuwa anatufukuza. Siku ileile, Mama Riziki, siku ileile Direktere ananituma kwako! Nilitoka mu ofisi, nikafika pa mulango wako, nikasikia unacheka na Sudi. Nikasema moyoni, huyu ana ndugu Kibombo, ana shemeji, ana watu. Mi niko na nani? Nikageuka. Nilisema neno moja tu. Yale mengine yalinivuta tu."

"Na jioni ukaniletea sombe."

Ndaya akajifunika uso.

"Ungeniomba," akasema Mwavita. Na hapa machozi yalimtoka, ya hasira hasa, kwa sababu alilokuwa akisema lilikuwa kweli. "Ungekuja pale kwenye mkeka ukaniambia: Mpoyi ameniacha, sina pa kulala. Nyumba ina vyumba viwili, Ndaya! Tungelala wewe na Mauwa chumba kimoja, mi na wangu kingine. Kazi tungegawana, wewe asubuhi, mi jioni. Nilikunyima nini mimi? Titi nililokupa lilikuwa la Sudi. Ulisema 'hapana' kwa jina langu, kisha ukaja kuniogesha!"

"Nitakwenda kwa Direktere," Ndaya akalia. "Wallahi kama unavyosemaka wewe, nitakwenda. Nipe mpaka siku ya posho, hii Jumamosi. Nitasema mwenyewe. Tutakaa wote, kama unavyosema, tutakaa wote."

Mwavita alimtazama, na Mungu amsamehe, alimwamini. Hakumwamini kwa ujinga. Alimwamini kwa sababu mtoto wa yule mwanamke alikuwa na maziwa yake mwilini, na hakuna njia aliyoijua ya kuyatoa.

Alhamisi Ndaya hakwenda. Ijumaa Mwavita alimwona, kupitia dirisha lake, akitembea kuelekea ofisini, akisimama, akirekebisha kitambaa kichwani, akirudi. Shangazi alisema, "Nenda ukapige kelele sokoni, Kindu nzima ijue!" Mwavita akasema bado kesho. Alimpikia Mauwa uji alipopita kumtafuta Sudi. Mtoto alikunywa akashukuru, hajui kitu.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumkumbuka Asumani. Mukuna aliitangaza tangu zamani, na sasa asingeweza kuiahirisha. Watoto walijipanga mbele ya bendera, wakaimba nyimbo za chama na kucheza kama ilivyopaswa wakati ule kabla ya jambo lolote, hata la msiba. Wazazi walikuja, na mwalimu Masudi na kofia yake nyeupe, na Onema aliyefika kwa treni ya jana baada ya kusikia kwamba mjane amekataa kazi. Habari mbaya haikukosa nauli.

Mukuna alihutubia vizuri sana. Alisema Asumani alikuwa nguzo ya shule. Alisimulia ile ya saa iliyo nyuma kidogo, na watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Alisema shule haitaisahau familia. Kisha akawaita wanafunzi wa darasa la sita walete zawadi: mfuko wa mchele, kitenge, na jembe jipya.

Mwavita alilitazama lile jembe. Mtu anayebaki Mikelenge kufagia madarasa hahitaji jembe. Walikuwa wamempa kitu cha safari, kitu cha Kibombo. Walikuwa wanamsindikiza. Alitafuta uso wa mwalimu mmoja, yeyote, wa wale waliokula ugali nyumbani kwake, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kutazama mahali pengine.

"Na sasa," akasema Mukuna, "Mama Mwavita atawaambia watoto neno."

Alisimama. Riziki alikuwa upande wake wa kulia, Sudi kushoto. Watoto mia tatu walimwinulia macho. Angeweza kuyasema yote palepale. Maneno alikuwa nayo, yamejaa kinywani. Lakini mwalimu mkuu alikwisha kumwambia kwamba neno lake halitoshi, na alikuwa na njia moja tu ya kulifanya litoshe. Alimtafuta Ndaya kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi, funguo kiunoni, Mauwa mbele yake.

"Neno langu liko kwa Mama Mauwa," akasema Mwavita, polepole, ili kila mtu asikie. "Muulize yeye, Direktere. Kama ulivyokuwa unamuuliza siku zote."

Wazazi walitazamana, hawakuelewa. Mukuna alielewa. Jasho lilimtoka chini ya abakosti. Alimgeukia Ndaya na sauti yake haikuwa ya hotuba tena.

"Sitwayene Ndaya. Mama anasema nini?"

Ndaya alimtazama Mwavita, na Mwavita akamwitikia kwa kichwa kidogo, kumsaidia, namna anavyosaidiwa mtoto aliyesahau shairi lake mbele ya watu. Sema tu. Katika kitambo kile alimsamehe kabisa. Alimsamehe sombe, na sabuni, na misuko sita. Alikwisha kupanga ni chumba kipi atampa.

Ndaya akaweka mikono yake yote miwili kwenye mabega ya Mauwa.

"Mama Riziki anawashukuru sana," akasema. Sauti ilianza kwa kukwama, kisha ikanyooka. "Anasema Asumani aliwapenda ninyi wote. Anasema yeye hana neno na muntu. Anakwenda Kibombo na roho safi."

Mukuna ndiye aliyepiga makofi wa kwanza, kwa haraka. Walimu wakafuata, kisha darasa la sita, kisha wote, mpaka wale wadogo wa mbele ambao hawakujua wanapigia nini. Masudi aliinua mikono akaomba dua.

"Mama," Riziki akauliza, anamvuta kitenge, "ulisema hivyo lini?"

Mwavita alifungua mdomo kumjibu. Lakini makofi yalikuwa bado hayajaisha, na Onema alikuwa amekwisha kuinama kuuinua mfuko wa mchele.